Kutazama ndege Pemba: pa kwenda, saa ya kwenda, na maji yakiwaje

Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Wanne, kwenye kisiwa kisichofika urefu wa kilomita 70. Sababu iko chini ya bahari. Unguja iliungana na bara zama ambazo bahari ilishuka sana, ndiyo maana wanyama na ndege wake wengi ni ndugu wa karibu wa wale wa bara. Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya kisiwa hiki na bara, una kina cha mamia ya mita, haukukauka zama zile, na waliokuwa upande huu wakabaki na mambo yao.

Wageni wengi hushuka boti Mkoani au ndege Chake Chake wakiwa na jina moja tu kichwani, msitu wa Ngezi. Huenda huko saa nne asubuhi jua likiwa kali, hutembea saa moja, hurudi hotelini wakisema ndege wa Pemba ni wagumu. Si wagumu. Msitu mwingi wa kisiwa hiki ulikatwa karne ya 19 kupisha mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja na biashara yote kuelekea huku, na ndege waliobaki wamejifunza kuishi mashambani, uani kwa watu, kwenye mikoko na kwenye mabonde ya mpunga. Ukitaka kuwaona, jua kwanza saa ya maji na mti unaozaa. Mengine yote ni usafiri.

1. Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ikifika mita nne hivi. Kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu ni kama tarehe 1 hadi 4, kisha 15 hadi 18. Kwenye pwani yetu bamvua lina tabia moja nzuri: maji hujaa kwenye saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukifika maji mafu, kwenye tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, mambo yamegeuka: maji hujaa kwenye saa nne asubuhi, lakini hayajai sana wala hayapwi sana.

Kwa nini mtazama ndege ajali haya? Kwa sababu maji yakipwa, ndege wa pwani wametawanyika mbali, mwendo mrefu kutoka ufukweni, na hata ukiwa na darubini nzuri utaona nukta tu. Maji yanapoanza kujaa yanawasukuma kidogo kidogo kuja kwako. Saa tatu za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo zako. Wewe kaa tu, wao ndio wanaokuja.

Sasa ongeza jua. Ukiwa pwani ya mashariki unatazama mashariki, basi asubuhi jua liko machoni na ndege wote ni vivuli vyeusi, ila mchana jua liko mgongoni na unaona mpaka rangi ya miguu. Pwani ya magharibi ni kinyume chake. Kwa hiyo bamvua, ambalo hujaa jioni, ni la pwani ya mashariki, na maji mafu, yanayojaa asubuhi, ni ya ghuba na mikoko ya magharibi. Ukipanga hivi, bahari na jua vitakufanyia kazi nusu.

2. Chagua msimu

Ndege wanne wa Pemba wapo mwaka mzima. Kinachobadilika ni wageni. Kuanzia Septemba mpaka Aprili pwani imejaa ndege waliotoka Siberia, Asia ya Kati na Arabuni kukimbia baridi au baada ya kulea. Miezi ya upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, wao ni wachache, lakini mabondeni unaweza kumkuta korongo mdogo wa Madagaska, aliyevuka bahari kuja kupumzika kwetu akiwa na vazi la hudhurungi lenye michirizi. Huyo ni ndege adimu duniani na wengi humpita wakidhani ni korongo wa kawaida wa madimbwini, kwa hiyo mtazame vizuri.

Masika, kwenye Aprili na Mei, barabara za mashamba huwa tope na mvua hainyamazi. Ukiweza kuchagua, njoo Oktoba au Februari. Februari kaskazi linavuma na upande wa magharibi bahari huwa tulivu asubuhi.

3. Jitambulishe

Pemba hakuna mahali pasipo na mwenyewe. Shamba lina mtu, ufukwe una dago la wavuvi, kichaka kinaweza kuwa na kaburi la wazee. Mtu anayezunguka na darubini bila kusema na mtu atatiliwa shaka, na ni haki. Ukifika kijijini ulizia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, eleza unatafuta nini, taja siku utakazokuwepo. Kwa kawaida dakika kumi zinatosha, na mara nyingi utatoka hapo na kijana wa kukuongoza. Mlipe. Anayejua mkuyu upi umeiva wiki hii ni yule anayeupita kila siku, si mimi wala si kitabu.

Vaa nguo za kustiri, wanaume suruali au kikoi kirefu, wanawake mabega na magoti yafunikwe. Usielekeze darubini kwenye nyumba za watu wala kwa wanawake walio pwani wakichokoa pweza au wakishughulikia mwani. Mchana wa Ijumaa acha kwenda vijijini mpaka watu watoke msikitini. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu, na usimtake kiongozi wako atembee kwa muda wa saa nne juani akiwa amefunga. Toka naye alfajiri, umrudishe mapema.

4. Ngezi, lakini uwepo kabla ya jua

Msitu wa Ngezi uko kaskazini-magharibi, baada ya Konde, na ndio msitu wa asili mkubwa uliobaki kisiwani. Daladala za kutoka Chake Chake zinaishia Konde, na kutoka hapo unachukua bodaboda au gari mpaka ofisi ya msitu, ambapo unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Ili uwepo langoni saa 12:15 asubuhi lazima umelala Konde, Verani au Wete, au umekodi gari usiku. Zungumza na ofisi siku moja kabla, wasije wakakukuta umesimama langoni peke yako.

Ndani, usikimbilie. Mivule mikubwa imesimama juu ya vichaka, na katikati yake utaona mipapindi, mnazi-mwitu mwembamba wa Pemba ambao nao ni wa hapa tu. Kusanya masikio kwanza. Kinengenenge utamsikia kabla hujamwona: kundi dogo la sauti nyembamba zinazopita juu ya majani, kisha ghafla ndege wa manjano kama ukubwa wa kidole gumba wanachomoka, pete nyeupe jichoni na doa jeusi kati ya jicho na mdomo. Doa hilo ndilo la kukariri. Hondohondo watapita wakipiga mbawa kwa kishindo, wawili wawili, wakilia kama wanaolalamika. Kwenzi weusi wanaong'aa wako kila mti wenye matunda, na kipanga wa msituni, ambaye wa Pemba ana umbo dogo kuliko ndugu zake wa bara, huketi kimya ndani ya kivuli na kukutazama.

Njia nzuri kuliko zote haiko ndani ya msitu. Ni barabara inayoupasua kuelekea Verani na Ras Kigomasha. Pale msitu umefunguka, mwanga unaingia, na ndege waliokuwa juu kabisa unawaona usawa wa macho. Tembea taratibu kwa mguu, simama kila penye mti ulioiva. Kufikia saa tatu asubuhi kelele zinapungua. Ukiwa na nguvu endelea mpaka ufukwe wa Vumawimbi, ambako buabua na shakwe hupumzika kwenye mchanga upande usio na watu.

5. Bundi wa usiku

Bundi mdogo wa Pemba alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1937 na Pakenham, mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeandika sana kuhusu ndege wa visiwa hivi, ingawa wazee wetu walikuwa wakimsikia tangu enzi. Ni mdogo, anaenea kwenye viganja viwili, wengine wekundu kama udongo wa Konde, wengine hudhurungi.

Unaweza kumtafuta Ngezi ukiwa na askari wa msitu, na usiku usiingie bila yeye. Toka mara baada ya Maghrib. Sauti yake ni mlio mmoja mfupi, «hu», kisha kimya, kisha tena «hu», bila mpango wa saa. Dume na jike huitikiana, mmoja akiwa na sauti nene kidogo kuliko mwenzake. Ukisikia wawili, simama katikati yao, zima tochi, subiri. Macho yakizoea giza utaona kivuli kinahama tawi. Hapo ndipo unawasha tochi, pembeni yake, si usoni, kwa muda wa kumtambua tu: macho ya manjano yaliyokodoka, vishungi viwili vilivyolala kichwani, kifua kilichochorwa michirizi myembamba. Zima. Umemwona, mwache awinde.

Usimchezee sauti yake kwenye simu. Najua waongozaji wengine hufanya hivyo ili mgeni afurahi na bakshishi iongezeke. Ndege huyo anadhani mgeni kavamia eneo lake, anaacha kuwinda, anaacha kinda, anakuja kupigana na spika. Akifanyiwa hivyo kila usiku wa msimu wa wageni, atahama au atashindwa kulea. Kisiwa chake ni kimoja.

Habari njema ni kwamba bundi huyu anaishi pia kwenye mashamba ya mikarafuu yenye miti mikongwe yenye mashimo. Tatizo ni kuuliza. Kwa watu wengi bundi ni mkosi, na ukimwambia mwenye nyumba «kuna bundi kwako?» utakuwa umemtukana. Uliza kwa upole, anza na habari za mikarafuu na mavuno, kisha sema unatafuta «kile kidege cha usiku kinacholia hu, hu». Watoto ndio watakaokujibu kwanza.

6. Mashamba: hapa ndipo penye utajiri

Ukiniuliza nikupe siku moja tu Pemba, nitakupeleka mashambani, na wala Ngezi sitakupeleka. Chukua barabara yoyote kati ya Chake Chake na Wete, hasa ile ya zamani inayopinda vilimani kupitia vijiji, shuka kwenye gari, tembea. Mikarafuu, minazi, miembe, mifenesi, michikichi, na chini yake bonde la mpunga. Ndani ya kilomita mbili unaweza kuwaona watatu kati ya wale wanne.

Chozi wa Pemba mtafute kwenye maua. Shada la mnazi linapopasuka, chozi dume hufika mapema, akining'inia kichwa chini, na jua likimpiga anageuka kijani cha chuma, kisha zambarau, kisha mweusi kabisa akihama tawi. Jike ni wa kijivu na manjano hafifu, na watu humpuuza. Usimpuuze, maana yeye ndiye anayekuonyesha kiota: mfuko mdogo wa majani makavu na utando wa buibui, wakati mwingine umening'inizwa kwenye mti uliopo mlangoni kwa watu.

Ninga ni mtihani zaidi. Ni njiwa wa kijani, ila wa Pemba ana kijivu kingi kifuani kuliko ninga wa bara, na bega lake lina doa la rangi ya zambarau iliyoiva. Akitulia ndani ya mkuyu unaweza kuutazama mti ule dakika tano na kuapa hauna kitu. Usizunguke ukimtafuta. Tafuta mkuyu uliozaa, au mti wowote mkubwa wenye matunda madogo, ukae umbali wa hatua 30, mgongo kwenye jua. Tazama majani yanayotikisika pasipo na upepo. Mara nyingi kuna mmoja, kisha ukishamwona huyo unagundua wako wanane. Saa za kwanza za asubuhi na baada ya Alasiri ndizo nzuri, kwa sababu mchana hulala.

Ndege huyu ndiye anayenitia wasiwasi. Anahitaji miti mikubwa ya zamani, na mivule na mikuyu ndiyo inayopasuliwa mbao kwanza. Vijana bado wanamtegea kwa ulimbo na kumpiga kwa manati kwa ajili ya kitoweo, nami siwalaumu kwa njaa, ila ukiwa na mwongozaji kijana anayelipwa kwa kukuonyesha ninga, umeshampa sababu ya kumwacha hai. Hapa pesa ya mgeni ina kazi kuliko hotuba. Na usinunue ndege yeyote aliyefungiwa kizimba, hata kwa kumwonea huruma, kwa sababu kesho watategwa wawili badala yake.

Kwenye michikichi mtazame tumbusi wa mawese. Ni ndege mkubwa mweupe mwenye mbawa nyeusi na uso mtupu wenye wekundu, na Pemba ni miongoni mwa mahali rahisi Afrika Mashariki kumwona, kwa kuwa michikichi ni mingi. Hushika kole la chikichi, anang'oa tunda moja kwa mdomo, analibana tawini kwa mguu na kulichuna ganda la mafuta taratibu kama mtu anayemenya chungwa, kisha kokwa linaanguka chini. Ukisikia vitu vinadondoka kwenye majani makavu chini ya mchikichi, inua macho. Yeye hula pia kaa na samaki waliokufa, kwa hiyo utamkuta hata pwani.

Kasuku wa kijani mwenye kichwa cha hudhurungi hupita makundi kwa makundi asubuhi, wakipiga kelele. Kwenye minazi iliyokufa, ile iliyobaki gogo tupu bila makuti, tazama kilele: kozi wa kijivu mwenye kichwa cheupe-cheupe hupenda kuketi hapo, na hutaga kwenye shimo la juu la gogo. Mwenye shamba anayetaka kuliangusha gogo hilo mwombe asubiri makinda yaruke. Wengi hukubali.

Kidike, jirani na Ole, si mahali pa ndege, lakini uko njiani na usipite. Hapo ndipo wanapolala popo wakubwa wa Pemba, nao ni wa kisiwa hiki tu. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, kisha vijiji vyenyewe vikaamua kuwalinda na sasa wananing'inia kwa maelfu. Anayesema watu wa Pemba hawawezi kulinda kitu chao apelekwe Kidike. Popo hawa hula matunda yale yale ya ninga, na mbegu wanazodondosha usiku ndizo mikuyu ya kesho.

7. Pwani ya mashariki wakati wa bamvua

Kuanzia Tumbe na Micheweni mpaka Kiuyu na huko chini kuelekea Kojani, bahari ikipwa unaona mchanga, mwani na mawe mpaka kwenye mwamba. Siku ya bamvua fika saa saba mchana, baada ya Adhuhuri. Tafuta kivuli au mwamvuli, kwa kuwa jua ni kali na utakaa saa mbili au tatu. Chukua maji, kofia, na viatu vya kulowa: kwenye majani kuna vitu vinavyokata kama visu, na kwenye mawe kuna urchini, mnyama wa bahari mwenye miiba. Usikanyage mashamba ya mwani. Zile kamba kati ya vijiti ni mshahara wa mtu.

Utawaona kitwitwi wa kila namna wakikimbia na mstari wa maji, wadogo wanaokimbia na kusimama ghafla, na wale wenye domo refu lililopinda, sululu, wakizamisha mdomo wote mchangani. Yangeyange wa pwani yetu ana tabia ya kuchanganya watu: mmoja mweupe na mwingine mweusi wa kijivu, wote ni jamii moja.

Lakini anayetafutwa na watu wa mbali ni yule mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi kama nyundo. Huyu ni mla kaa, na hana jamaa wa karibu duniani, yuko peke yake kwenye ukoo wake. Huzaa kwenye pwani za Ghuba, Oman na Somalia kwa kuchimba shimo mchangani, anataga yai moja jeupe, joto la mchanga likimsaidia kuatamia. Akimaliza anashuka kwetu, njia ile ile waliyoifuata majahazi na jamaa zetu wengi walioko Maskati. Kinda huja na wazazi na bado huomba chakula huku: utamwona wa kijivu zaidi akikimbia nyuma ya mkubwa, shingo chini, akilia. Mzazi humshika kaa, anamtikisa mpaka miguu itoke, anampa. Kaa kimya hapo, usisogee, na kundi linaweza kukufikia umbali wa hatua 40.

Ukikuta kundi limesimama mguu mmoja kwenye ulimi wa mchanga maji yakiwa yamejaa, usiwarushe ili upate picha ya mbawa. Wamesafiri maelfu ya kilomita na hiyo ndiyo saa yao ya kupumzika.

8. Mikoko ya magharibi wakati wa maji mafu

Ghuba ya Chake Chake, upande wa Wesha, na vijito vya karibu na Wete. Asubuhi, jua mgongoni, maji yanajaa polepole. Unayemtafuta ni mdiria wa mikoko, mbawa za buluu, kichwa cha kijivu, mdomo mnene mwekundu wote. Huketi kwenye ncha ya mkandaa bila kutikisika, kisha anashuka kwenye tope na kurudi na kaa, na hapo unasikia «tak, tak» anapompiga tawini. Kodi ngalawa na mvuvi mmoja badala ya boti ya mashine. Chozi na kinengenenge wamo humu pia, kwenye maua ya mikoko.

9. Misali

Kisiwa cha Misali kiko magharibi ya Chake Chake na boti huondoka Wesha. Ni eneo la hifadhi na kuna ada ya kulipa. Kwa ndege peke yao singekushauri upoteze siku nzima, ila ukienda kuogelea matumbaweni, amka na boti ya mapema, uzunguke njia za ndani kabla ya joto, kisha utazame buabua njiani. Bahari ikichafuka nahodha akisema turudi, rudini.

10. Vifaa

Darubini ya 8×42, yaani ya kukuza mara nane, inatosha, na usinunue ya kukuza mara 20, mkono utatetemeka na hutaona kitu. Daftari na penseli, maana kalamu ya wino inakufa kwa unyevu. Tochi yenye mwanga unaoweza kupunguzwa. Mfuko wa nailoni wa kuziba kila kitu ukiwa ngalawani. Ukitaka kumbukumbu zako ziwasaidie wengine, ziingize eBird, mtandao wa kumbukumbu za ndege, ukiandika mahali na saa, hata ndege wa kawaida. Pemba ina orodha chache kuliko inavyostahili. Kiota cha bundi au mti wanamolala ninga usiuandike mahali pake hasa. Andika wilaya, inatosha.

11. Ukiwa na siku mbili tu

Chukua tarehe za bamvua. Siku ya kwanza shuka Chake Chake mapema, weka mizigo, kisha tembea mashambani kuelekea Ole na Kidike mpaka jua lianze kuwa kali. Saa saba uwe Micheweni au Tumbe kwa maji yanayojaa, ukae mpaka saa kumi. Lala Konde au Verani, na baada ya Maghrib uingie Ngezi na askari kumsikiliza bundi, ukiwa umeshapatana naye asubuhi kwa simu.

Siku ya pili uwe kwenye barabara ya Ngezi kabla jua halijatoka, kwa kinengenenge, hondohondo na, Mungu akijaalia, ninga. Saa tatu toka, kunywa chai Konde, kisha rudi kusini kwa barabara ya zamani ukisimama kila penye mchikichi. Kama boti yako inaondoka Mkoani, uliza muda wake siku moja kabla na siyo asubuhi hiyo, kwa sababu kusi likivuma ratiba hubadilika, na acha saa moja ya ziada njiani. Utaihitaji, maana huwezi kupita mkuyu ulioiva bila kusimama.